Mdomo wa Pacha Wangu

Jumatatu, 9 Oktoba

Wajukuu zangu, marahaba. Mwalimu wetu wa darasa la Jumapili amesema kila kijana aandike shajara, ili siku moja wajukuu waisome na waone imani yetu ilikuwaje. Haya, nimeanza. Sina mume, sina mtoto, hata miaka kumi na sita sijatimiza, lakini wajukuu tayari ninao. Mkikuta wino umechuruzika, msidhani nililia. Paa la jikoni linavuja, na mvua zimeanza leo.

Jumanne, 10 Oktoba

Niwatajie watu wa nyumba hii. Baba anatengeneza majokofu. Karakana yake ni banda la mabati mbele ya nyumba, na kutwa nzima ananukia gesi na grisi. Jumapili ananawa mpaka viwikoni, anavaa tai, anakuwa askofu. Kanisani kwetu askofu hana joho wala mshahara. Ni jirani yako tu aliyeitwa akabebeshwa mzigo, na siku akipumzishwa atarudi kukaa benchi kama wengine. Shuleni wanatuita Wamormoni, na wakitaka kutuchokoza wanatuita watu wa maji moto, kwa sababu hatunywi chai wala kahawa.

Mama anafua mashuka ya hospitali. Bibi, mama yake Mama, alihamia kwetu magoti yalipomgomea. Yeye si wa kanisa letu na wala hana mpango. Kanisa lake liko ng'ambo ya mtaro, lina ngoma na matari, na wakiomba wanaomba wote kwa pamoja, kila mtu na maneno yake, mpaka mbwa wa mtaa wanaitikia. Yeye humwita Baba "Askofu wa Majokofu", tena usoni pake, na Baba anacheka. Chai yake anainywea nyuma ya nyumba, kwenye kikombe ambacho hakuna anayekigusa, utadhani kina umeme.

Halafu yuko Pacha. Yeye alinitangulia kuzaliwa, mimi nikamtangulia kusema. Ana kigugumizi. Si kile kidogo cha kuchekesha watu, ni kile cha neno kumkaba kooni mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Kwa hiyo mimi ndiye mdomo wake. Dukani tunakwenda wawili. Akianza "na-na-naomba chu-", mimi nasema "chumvi", tunapewa, tunaondoka. Watu husema hawajaona mapacha wanaopendana kama sisi.

Ijumaa, 13 Oktoba

Mvua. Hakuna jipya.

Jumapili, 15 Oktoba

Leo baada ya ibada Baba alituita sebuleni, na tai yake bado shingoni, nikajua hapa anazungumza askofu.

Niwaeleze vizuri maana bila hili hamtaelewa mengine. Kwetu kijana wa kiume akifikisha miaka kumi na sita anawekewa mikono awe kuhani. Kazi yake kubwa ni kupiga magoti mbele ya meza ya sakramenti na kuubariki mkate au maji kabla watu hawajagawiwa. Sala hizo zimeandikwa, na ni lazima zisemwe zilivyo, neno kwa neno. Ukikosea, askofu anatikisa kichwa na unarudia toka mwanzo, huku watu wote wameinama wanakusubiri. Ukipatia, anakubali kwa kichwa, mambo yanaendelea. Na askofu ndiyo huyo, Baba.

"Mwache kwanza," Mama alisema. "Aendelee kubeba trei za mkate na wadogo, kuna ubaya gani?"

"Nimemuuliza mwenyewe," Baba akajibu.

Mama akamgeukia Pacha. "Na wewe umemwambiaje baba yako?"

Pacha akafungua mdomo. Nikaona linamkaba.

"Amesema atajaribu," nikasema.

Pacha akanitazama. Shingo ikamsimama. "Nime-me-mesema nataka," akasema.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mama amekuja na vitambaa vyeupe vya meza ya kanisa, na havikauki ng'o. Tumevitandaza jikoni juu ya viti. Kuvipiga pasi ni kazi yangu tangu zamani. Spika ananitania kwamba mimi ni shemasi wa pasi. Spika ni kuhani mwingine, anajifunza ushonaji, na jina hilo alilipata kwa sauti yake. Yeye akiomba, hata Bibi ng'ambo ya mtaro anapokea baraka.

Jumatatu, 23 Oktoba

Mteja amemletea Baba jokofu lililokufa na anataka kumlaumu yeye. Kumbe walizima wakawasha, wakazima wakawasha, mpaka kompresa ikaungua. Baba amerudia wimbo wake: "Ukizima, iache ikae kwanza. Iache ipumue. Watu hamwezi kukaa bila kugusa swichi?" Mteja ameondoka amenuna.

Jumatano, 25 Oktoba

Tunafanya mazoezi jikoni. Pacha anapiga magoti mbele ya kiti, mimi nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kama askofu.

Pacha ana ujanja wake tangu utotoni. Neno likimkaba analizunguka, anachukua jingine lililo karibu. Hasemi baiskeli, anasema usafiri wangu. Hasemi Baba, anasema Mzee, na wageni hudhani ni jeuri ya vijana wa siku hizi. Herufi ya B ndiyo adui yake mkubwa. Sasa sala ya mkate haina njia ya pembeni. Inamtaja Baba mapema tu, na Mzee pale haifai.

Nikamwonyesha. Niliisema sala yote bila kutazama kadi, taratibu, na vituo vyake. Niliisema vizuri, wajukuu, acheni nijisifu. Spika mwenyewe haniwezi. Bibi aliyekuwa anachambua mboga mlangoni akasema "Amina" kwa bahati mbaya, halafu akajitia hamnazo.

"We-wewe ndi-ndi-" Pacha akaanza.

"Mimi ndiye ningefaa ukuhani," nikamalizia, na tukacheka.

Lakini wasichana kwetu hawapigi magoti kwenye meza ile. Kitambaa nakijua kila mshono, na maneno nayajua yote, na basi.

Jumatano, 1 Novemba

Tumetimiza kumi na sita. Mama ametukumbatia wote wawili kwa pamoja, mikono yake ina harufu ya dawa ya kufulia. Mvua kutwa.

Jumapili, 5 Novemba

Jumapili ya kufunga. Njaa na mvua. Watu wamepanda mbele mmoja mmoja kutoa ushuhuda, wengine wakalia. Baada ya ibada Pacha alikalia kiti katikati ya chumba, Baba na Spika wakamwekea mikono kichwani, akawa kuhani. Ameniomba nimnyooshee shati lake jeupe la wiki ijayo, au tuseme alilinyooshea kidole na mimi nikaelewa.

Jumapili, 12 Novemba

Nimejifungia chooni ndiyo naandika, kwa sababu nikimwona Baba nitasema neno ambalo halirudi.

Asubuhi mambo yalikuwa mazuri. Kitambaa kimetulia mezani hakina hata kunyanzi. Wimbo ukaimbwa, Pacha na Spika wakamega mkate kwenye trei, wimbo ukaisha. Pacha akapiga magoti akashika maikrofoni. Tukainama. Mimi nachungulia kila mara, na leo ndiyo kabisa.

Alianza. Lile neno la B likamkaba palepale. Kwenye spika za ukutani tulisikia pumzi tu na midomo inagongana. Mtoto mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Mama, imeharibika?" Pacha akafanya alichozoea, akazunguka. Akamwita Mungu kwa jina jingine zuri tu la heshima, akaendelea mpaka mwisho. Akainua macho.

Baba alikuwa amekaa mbele, anamtazama. Akatikisa kichwa.

Pacha akarudia. Akazunguka tena palepale, na safari hii akazunguka na neno jingine chini. Baba akatikisa kichwa. Nilisikia watu wanasogea kwenye mabenchi. Mama alinishika mkono akanibana mpaka kucha zikaingia.

Mara ya tatu Pacha hakuzunguka. Alikaa na ile B, akakaa, akakaa, na haikutoka. Akaweka maikrofoni chini, akamsogezea Spika kadi. Spika akasoma sala yote kwa mkupuo mmoja. Baba akakubali kwa kichwa. Tukagawiwa mkate sote, na Pacha akala akiwa ameinama, masikio mekundu.

Mungu gani asiyejua kwamba "Mzee" ya Pacha ni "Baba"? Mimi najua. Mama anajua. Baba mwenyewe anajua kuliko wote, na akatikisa kichwa mbele za watu.

Jumatatu, 13 Novemba

Jumatatu jioni kwetu ni ya familia, tunaimba, tunasoma, tunacheza kidogo. Leo hatukucheza. Nilimsubiri Baba afunge sala nikamwambia.

"Umemwaibisha."

"Alibadilisha maneno," Baba akasema.

"Unajua kwa nini alibadilisha!"

"Najua."

"Wewe ni baba yake."

"Pale mbele ni askofu wake. Sala si yangu, mwanangu, niseme hapa punguza, hapa ongeza."

Bibi akakohoa kwenye kona yake. "Na huyo Mungu wenu, mkwe, hasikii mpaka asomewe kadi?"

"Anasikia, Mama," Baba akamjibu kwa heshima. "Ila kijana ameniambia anataka kuisema ilivyo."

"Lini amekwambia?" nikadakia. "Pacha hawezi hata kuomba chumvi!"

Pacha alikuwa amekaa palepale, wajukuu. Mita moja kutoka kwangu.

"Ni-nili-limwambia," akasema, "ka-karakana. Wewe hu-hu-hukuwepo." Akainuka akaenda kulala.

Nilidhani yote anayoyasema yanapitia kwangu. Kumbe akikaa na Baba kule bandani anaongea. Huko nani anammalizia?

Alhamisi, 16 Novemba

Mvua imevunja daraja la mtaro. Bibi amesikitika kwa sababu ya kwaya, si kwa sababu ya daraja.

Jumapili, 19 Novemba

Amejaribu tena. Ameshindwa tena.

Leo mvua ilipiga juu ya mabati ya kanisa mpaka hatukusikiana. Nikagundua kitu. Pacha alipoanza sala, nami niliinama nikaisema pamoja naye, chini chini. Hakuna aliyenisikia, hata Mama aliyekaa ubavuni. Pacha akikwama nasimama, akisogea nasogea. Ile B ilitoka leo! Ilichukua muda mrefu lakini ilitoka. Akakwama mbele zaidi, akazunguka neno moja, Baba akatikisa kichwa. Akarudia, akachoka, kadi ikaenda kwa Spika.

Mama mmoja alimfuata Mama mlangoni akamwambia kwamba si kila mtoto ameitiwa kila kazi. Mama akamjibu asante.

Lakini niseme ukweli: ilikuwa tamu kuisema ile sala mle ndani. Mvua inapiga na mimi naibariki meza, na hakuna anayejua.

Jumatano, 22 Novemba

Daraja limetengenezwa kwa mbao. Bibi aliomba tumsindikize kwenye ibada yao ya jioni kwa sababu ya utelezi, na Baba akasema nendeni.

Sijawahi kuona watu wanaimba vile na viatu vimejaa matope. Pacha alisimama nyuma karibu na ngoma, na mara nikasikia sauti. Pacha anaimba. Anaimba maneno yote, na B zote, hakuna hata moja inayomkaba. Mama mmoja akampa tari. Alikuwa anacheka na mdomo wazi. Bibi akanipiga kikumbo: "Unaona? Hapa hakuna wa kumtikisia kichwa."

Njiani kurudi nikamwambia ahamie kwa Bibi, yaishe. Wanaimba tu, hakuna kadi.

"Ku-kuimba naweza," akasema. "Na-nataka kule nisiko-"

"Nisikoweza," nikasema.

Akatembea mbele yangu mpaka nyumbani. Nikajiuliza nimekosea nini, maana ndilo neno alilokuwa analitafuta.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimepiga pasi kitambaa. Hakikukauka vizuri, nimekikausha kwa pasi yenyewe, mvuke mpaka machoni. Pacha na Baba wako karakana tangu mchana wamefunga mlango. Nilipita na maji ya kunywa nikasikia sauti ya Pacha inahangaika, inahangaika, na Baba kimya kabisa. Hamsaidii hata kidogo. Nilitaka nisukume mlango.

Jumapili, 26 Novemba

Jamani.

Nitaandika yote kwa mpangilio la sivyo sitalala.

Mvua ilianza tukiwa njiani. Tulipoimba wimbo wa sakramenti haukusikika, midomo tu. Pacha akapiga magoti. Nikainama, nikaanza naye.

B ikatoka. Ilichelewa, lakini haikunipa hata hofu. Akaenda neno baada ya neno. Palipokuwa na njia ya pembeni hakuichukua. Alikwama pale alipozunguka wiki iliyopita, akakaa nalo, likatoka. Nilichungulia. Baba alikuwa ameinama mbele kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, kama anavyosikiliza jokofu. Yalibaki maneno ya mwisho, yale ya mwisho kabisa kabla ya amina. Akasema moja. Akasema la pili. La mwisho likamkaba.

Mvua ikapungua.

Pacha alikuwa na lile neno mdomoni. Nilikuwa nalo na mimi mdomoni. Nikadhani mvua bado ingenifunika, nikalisema. Na lilisikika. Lilisikika kanisa zima, mpaka ukutani likarudi.

Vichwa vikainuka. Spika akafumbua macho akanitazama mimi. Pacha hakugeuka. Alibaki na maikrofoni mkononi na midomo yake imekunjwa bado kwa ajili ya neno lake.

Baba alifumba macho. Halafu akayafumbua, akamtazama Pacha, akatikisa kichwa.

Pacha akaweka maikrofoni juu ya kitambaa changu. Kadi ikaenda kwa Spika. Trei ilipofika kwetu niliipitisha kwa Mama bila kuchukua mkate.

Jumatatu, 27 Novemba

Niliyoandika jana si kweli. Wajukuu, kama mnataka kujua imani yangu ilikuwaje, ndiyo hii: nilimdanganya hata Mungu kwenye shajara yangu mwenyewe.

Sikudhani mvua ingenifunika. Mvua ilikuwa imekata. Nilisikia imekata. Nilisikia maji yanadondoka kwenye mfereji, tone, tone, na watu wanapumua. Nilijua kabisa sauti yangu itasikika, na nikalisema. Tena sikunong'ona. Nililisema kwa sauti nzuri iliyonyooka, kama ninavyolisema jikoni juu ya ndoo. Sijui kama nilimhurumia Pacha au nilichoka kukaa na neno ambalo siruhusiwi kulisema. Nimejiuliza tangu jana. Yote mawili yapo, na la pili ni kubwa kuliko ninavyopenda.

Jioni nilikwenda karakana. Baba alikuwa amelala chini ya jokofu, miguu tu nje.

"Ungekubali tu," nikamwambia. "Lilikuwa neno moja."

"Lilikuwa neno lake."

"Alikuwa amekwama, Baba."

Akatoka chini akakaa sakafuni. Alionekana mzee. "Alikuwa analipata. Anayemtazama mdomo ni mimi, si wewe. Lilikuwa limeshafika hapa." Akagusa meno yake kwa bisibisi. "Nilikuwa nimeshaanza kuinamisha kichwa."

Nikakaa sakafuni na mimi.

"Ile siku ya kwanza," nikauliza mwishoni, "uliwezaje kumtikisia kichwa?"

"Aliniomba. Aliniambia, Mzee, nikizunguka nirudishe. Usinihurumie, wote wananihurumia." Akafuta mikono kwa tambara. "Unadhani nilikula siku ile? Muulize mama yako."

Jamani Baba. Wiki mbili nzima namchukia, kumbe katika nyumba hii nzima ni yeye peke yake aliyekuwa anamsubiri Pacha afike mwisho.

Alhamisi, 30 Novemba

Pacha hasemi na mimi. Hasemi na mtu, lakini kwa wengine anaitikia kwa kichwa. Leo alikwenda dukani peke yake. Nilimfuata kwa mbali. Foleni nyuma yake ilikuwa inaguna, mwenye duka anagonga kaunta kwa vidole. Alikaa nalo mpaka likatoka. Alipewa chumvi, akapita karibu yangu kama vile mimi ni nguzo ya umeme.

Ijumaa, 1 Desemba

Bibi ameniita nyuma ya nyumba akaniwekea kigoda.

"Mdomo wako una haraka ya kwenda wapi?"

"Nilitaka kumsaidia, Bibi."

"Nani alikuomba?"

"Hata wewe ulisema kule kwenu hakuna wa kumtikisia kichwa."

"Nilisema. Na kule kwetu kuna kelele, au siyo? Lakini mtu akisimama kushuhudia, hata akilia robo saa, tunamngoja. Sijaona mtu akimnyang'anya mwenzake." Akanywa chai yake. Halafu akanigeuzia kile kikombe. "Onja, umekonda." Sikuonja. Nililia tu, na yeye akaniacha nilie mpaka nikamaliza.

Jumapili, 3 Desemba

Pacha hakuja kanisani. Alimwambia Baba asubuhi, "Si-siendi", na Baba akamwambia haya, shingo upande, akatoka kwenda kuwasha gari la jirani lililotubeba. Pacha alivuka mtaro na Bibi.

Jumapili ya kufunga, kwa hiyo watu walipanda kushuhudia. Yule mama wa mlangoni alipanda akashukuru kwa ajili ya wazazi wanaojua kupokea mapenzi ya Mungu. Baba alikaa mbele anatazama kiatu chake. Spika alikuja kwangu baadaye, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, akasema, "Alikuwa amepatia. Mimi naijua kwa moyo, nilikuwa namfuata neno kwa neno. Alikuwa amepatia yote." Nilimwambia najua, nikaenda zangu.

Jumanne, 5 Desemba

Mvua kidogo. Mama na Baba wanaongea chumbani, wakinisikia wananyamaza.

Jumatano, 6 Desemba

Nimejaribu kumwomba msamaha Pacha. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilisema yote, marefu, mazuri, na nilipomaliza nikagundua sikumwachia hata nafasi ya kupumua. Akaondoka.

Jumamosi, 9 Desemba

Jua. Kitambaa kimekaukia kwenye kamba kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Nilikuwa nakipiga pasi jikoni, na Pacha akaingia. Alikuwa ameshika lile shati lake jeupe, amelikunja vizuri. Akaliweka juu ya meza karibu na kitambaa. Sikujua kama ananipa nilinyooshe au analirudisha.

Akasimama. Nikaona anataka kusema.

"Ni-," akaanza. "Ni-ni-"

Nikainua pasi isije ikaunguza. Nikauma ulimi, wajukuu, nikauma kwelikweli. Maneno yote yanayoanza hivyo yalinijia, nimechoka, nisamehe, nitakuja, nitaondoka, na sikusema hata moja. Mishipa ilimsimama. Nilimtazama mdomo kama Baba alivyosema, na ni kweli, unaliona neno likija.

"Ningefika," akasema.

Lilitoka zima, bila mkwaruzo. Na mimi machozi yakanitoka, nikasema, "Najua."

Alikuwa hajamaliza.

Niliona. Midomo yake ilikuwa imeshakunjwa kwa ajili ya neno linalofuata, na "najua" yangu ikaanguka juu yake. Akabaki hivyo kidogo. Akafunga mdomo. Hakukasirika hata, alinitazama kama mtu anayetazama mvua, akachukua shati lake akatoka. Nimesikia mbao za daraja la mtaro.

Pasi imepoa. Shati hajaniachia, kwa hiyo sijui kesho atalivaa wapi, kanisani kwetu au kwa Bibi, au kama atalivaa. Ningefika, lakini. Ningefika, na. Inaweza kuwa alitaka kunisamehe, na inaweza kuwa alitaka kuniambia hatanisamehe. Miaka yote hii nimemmalizia maneno yake, na hili moja silijui.